Habari za Sir Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda

Kila mtu afikaye Kampala hupata kulisikia jina la Apolo Kagwa, maana iko barabara iitwayo kwa jina lake, na wanafunzi hulikuta katika vitabu vya historia kila ukaribiapo mtihani. Lakini nimeona ya kuwa wengi wetu tunalijua jina hilo na mwaka wa 1900, basi. Kwa hiyo nimeazimu kuandika habari za maisha yake kwa ufupi katika sehemu hii ya Kiswahili, ili ndugu zangu wanafunzi, na wale waliokwisha kutoka shuleni zamani, wapate kumfahamu mtu mwenyewe. Sitamsifu kupita kiasi, wala sitamlaumu kwa chuki. Nataka kuonyesha jambo moja: jinsi kijana aliyeinuliwa kwa fadhili ya mfalme alivyojifunza kutoitegemea fadhili ya mtu, na jinsi fundisho hilo lilivyomjenga yeye na kuwaumiza wengine.

Kagwa alizaliwa yapata mwaka wa 1864, katika ukoo wa Nsenene, yaani ukoo wa wale panzi watamu tuwaitao senene. Alikuwa bado mdogo alipoingia katika Lubiri, jumba la Kabaka Mutesa. Siku zile hiyo ndiyo iliyokuwa njia kubwa ya kupata cheo katika Buganda. Wazee walipeleka vijana wao kuwa bagalagala, yaani watumishi wa nyumba ya mfalme. Hapakuwa na shule nyingine. Kijana alifagia, alipeleka ujumbe mbio, alikaa kimya barazani akisikiliza mashauri ya wakubwa, akajifunza nani anapanda na nani anashuka. Kabaka akimpenda, humpa kijiji akitawale. Akizidi kumpenda, humpa saza zima. Lakini shamba la cheo lilikwenda pamoja na cheo. Siku mfalme alipogeuza uso, mtu alipoteza nyumba, watu na ng'ombe kwa usiku mmoja, na pengine kichwa chake pia. Palikuwa na ardhi ya namna nyingine, nayo iliitwa butaka, yaani mahali ambapo koo zilizika wazee wao. Naomba msomaji alishike neno hilo la butaka, maana tutalikuta tena mbele.

Lubiri ya Mutesa ilikuwa kama njia panda. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika kutoka Zanzibar, wakaleta nguo, bunduki, dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili. Mwaka wa 1877 wakaja wamisioni wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, na mwaka wa 1879 mapadre wa Kifransa. Wageni hao walianza kazi kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha waliyoiokota njiani na ambayo watu wa Lubiri waliielewa. Kwa hiyo, ndugu zangu, msione Kiswahili kuwa mgeni wa jana katika nchi hii. Wako Waganda wengi waliojifunza herufi zao za kwanza kwa lugha hii. Kagwa alijiunga na Waprotestanti waliofundishwa na Alexander Mackay, fundi mashuhuri kutoka Skotilandi, akabatizwa jina la Apolo. Vijana wa namna yake waliitwa wasomi, maana siku zile kusoma na kushika dini lilikuwa jambo moja.

Mutesa alifariki katika mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawazwa, kijana wa miaka kama kumi na minane tu. Mwanga aliirithi nchi yenye nguvu, lakini alirithi na hofu pia. Alisikia ya kuwa Wazungu wananyang'anya nchi za pwani, na katika nyumba yake mwenyewe aliona watumishi ambao walimtii Mungu wa wageni kuliko walivyomtii yeye. Katika Oktoba 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga kwa amri yake. Halafu katika Mei na Juni 1886 ghadhabu yake iliwaangukia wasomi. Wengi walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Mashahidi wanaokumbukwa kwa majina, kutoka 1885 mpaka 1887, ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Kagwa naye alikuwa miongoni mwa walioshikwa. Alipigwa vibaya, akatoka na majeraha, lakini akaachwa hai. Rafiki zake walikufa, na yeye akabaki.

Hapa pana ajabu ya tabia ya mfalme. Haukupita mwaka mzima ila Mwanga akabadili shauri lake. Aliwaona wakuu wa zamani, waliokuwa watu wa baba yake, kuwa mzigo juu yake, akataka kuwa na nguvu yake mwenyewe. Basi katika 1887 akaunda vikosi vipya vya vijana wenye bunduki, akawaweka juu yao wasomi, Wakristo na Waislamu, kwa kuwa walikuwa hodari na walijua silaha mpya. Apolo Kagwa akapewa kikosi cha Gwanika, yaani ghala ya mfalme, mahali palipowekwa mali na bunduki. Kijana aliyepigwa na Kabaka mwaka uliopita sasa alikuwa kipenzi chake, akashika funguo za nguvu yake. Vijana hao walivimba vichwa. Walizunguka nchini wakidai vitu kwa jina la mfalme, wakawadharau wazee. Sisemi Kagwa alikuwa mbaya kuliko wenzake, wala sisemi alikuwa mwema kuliko wao. Nasema kwamba akiwa na miaka ishirini na kitu alikuwa amekwisha kuonja mambo mawili kwa mkono ule ule mmoja: fimbo na cheo. Naamini hakusahau hata siku moja kwamba mkono ulikuwa mmoja.

Mwaka wa 1888 Mwanga alianza kuwaogopa vijana aliowapa bunduki. Katika Septemba alifanya shauri la kuwachukua wasomi wote katika mitumbwi mpaka kisiwa kimoja katika Ziwa Viktoria, akawaache huko wafe njaa. Habari zikavuja. Vijana wakakataa kupanda mitumbwi, na badala yake wakaizunguka Lubiri, Wakristo na Waislamu pamoja, Mwanga akakimbilia kusini ya ziwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watumishi wa Lubiri kumwondoa Kabaka kwa sababu ya dini na bunduki. Wakamweka ndugu yake, Kiwewa. Lakini umoja wao haukudumu hata miezi miwili. Katika Oktoba Waislamu waliwafukuza Wakristo mjini, na muda mfupi baadaye wakamwondoa Kiwewa, wakamtawaza Kalema.

Wakristo walikimbilia Kabula, upande wa Ankole, nao waliishi huko kama wakimbizi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya pili ya Kagwa, nayo ilikuwa kali. Kiongozi wao wote, Wakatoliki na Waprotestanti, alikuwa Honorat Nyonyintono, Mkatoliki, mtu aliyeheshimiwa na pande zote mbili. Wakakata shauri la kumwita tena Mwanga, yule yule aliyewachoma ndugu zao, kwa maana waliona ya kuwa Waganda hawatamfuata mtu asiye wa damu ya Kabaka. Nyonyintono akauawa vitani katika 1889, na uongozi ukamwangukia Apolo Kagwa. Katika Oktoba 1889 jeshi la Wakristo liliingia Mengo, na Mwanga akaketi tena katika kiti chake. Kalema alirudi mara moja na kuwafukuza, lakini mwanzo wa 1890 alishindwa kabisa. Kagwa akawa Katikiro, yaani waziri mkuu, naye alikuwa na umri wa miaka kama ishirini na mitano.

Sasa tafakarini hali hii. Mtumishi alimrudisha bwana wake kwa bunduki. Mwanga aliketi katika kiti, lakini waliomketisha walisimama nyuma yake na silaha mkononi, naye alijua hivyo, nao walijua kwamba anajua. Vyeo vya nchi viligawanywa baina ya Waprotestanti na Wakatoliki, na mara wakaanza kutazamana kwa macho mabaya. Katika Desemba 1890 akafika Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza, akatua katika kilima cha Kampala, akaandikiana mkataba na Mwanga. Wakatoliki walikuwa wengi, na Mwanga akaelekea upande wao. Waprotestanti walikuwa wachache, lakini Lugard aliwapa bunduki. Tarehe 24 Januari 1892 vita vikaanza Mengo. Bunduki ya Maxim, ile iitwayo bombom, ilisikika kutoka kilimani kwa Lugard, na Wakatoliki wakashindwa. Wengi walikimbilia Buddu, na saza hilo likawa lao.

Jambo hili hunihuzunisha kila nilisomapo. Katika 1886 vijana wa madhehebu haya mawili walikwenda motoni pamoja. Hata miaka sita haikutimia, na waliobaki wakauana kwa ajili ya vyeo. Kagwa alikuwa jemadari wa upande ulioshinda, na ushindi wake ulijengwa juu ya urafiki wa Waingereza. Kuanzia siku hiyo alikuwa na mabwana wawili, Kabaka na Mwingereza, naye alikuwa mwerevu wa kuona ni yupi mwenye nguvu.

Mwaka wa 1894 Uganda iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Majeshi ya Buganda yalikwenda pamoja na Waingereza kumpiga Kabalega, Mukama wa Bunyoro, na sehemu kubwa ya nchi ya Bunyoro ikatiwa katika Buganda. Najua wako miongoni mwetu wanafunzi ambao babu zao waliyaona mambo hayo kwa jicho jingine, na haki yao. Buyaga na Bugangaizi zilirudi Bunyoro baada ya kura ya mwaka wa 1964, miaka sabini baadaye. Jemadari aliyesifiwa sana katika vita vya siku zile alikuwa Semei Kakungulu. Yeye na Kagwa hawakupatana. Fahali wawili hawakai zizi moja; Kakungulu akaacha cheo chake katika 1895, akaenda Bugerere, kisha akavuka kwenda mashariki kutafuta nchi ya kutawala. Kagwa hakumshinda kwa mkuki. Alimshinda kwa kubaki Mengo, karibu na mahali amri zinapoandikwa.

Jaribu kubwa kuliko yote likaja katika Julai 1897. Mwanga alichoka kuwa mfalme wa jina tu. Usiku mmoja alitoroka Mengo, akaenda Buddu, akainua vita juu ya Waingereza. Watu wengi walimfuata, wakubwa na wadogo, Wakristo kwa wasio Wakristo, kwa kuwa alikuwa Kabaka. Apolo Kagwa hakumfuata. Alikusanya jeshi, akaenda pamoja na askari wa Serikali, wakampiga mfalme huko Kabuwoko. Mwanga akakimbilia nchi iliyotawaliwa na Wadachi, akatoroka tena, akaungana na Kabalega, na katika Aprili 1899 wote wawili wakakamatwa. Walipelekwa uhamishoni mpaka visiwa vya Shelisheli, na Mwanga akafa huko katika 1903.

Kuna wanaomwita Kagwa msaliti kwa ajili ya siku hiyo ya Kabuwoko. Wengine husema aliiokoa Buganda isifutwe kabisa, maana ufalme ulioshindwa vitani ungeweza kupata yaliyoipata Bunyoro. Mimi naona pande zote mbili zina ukweli wake. Kagwa alikula kwa mkono wa Mwanga, naye alipigwa kwa mkono huo. Alimtoa katika kiti, akamrudisha, akamtoa tena. Lakini kiti chenyewe hakukivunja. Katika Agosti 1897 alitawazwa mwana wa Mwanga, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, na wakuu watatu wakawekwa kuutunza ufalme mpaka akue: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya Mkatoliki, na Zakaria Kisingiri. Mwisho wa mwaka ule ule askari wa Kinubi waliasi, wakajifungia katika ngome ya Luba, Busoga, na Waganda wakaenda kwa maelfu kusaidia kuwazingira. Tangu hapo hakuna aliyetilia shaka ni nani mtawala wa Buganda kwa kweli.

Katika Desemba 1899 alifika Sir Harry Johnston, mjumbe wa Serikali ya Uingereza, aweke mambo ya nchi katika utaratibu. Walibishana kwa muda wa miezi mitatu hivi. Wakuu wa Buganda hawakuwa watu wa kutia sahihi bila kusoma. Walikuwa wasomi, na kila neno walilipima. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 10 Machi 1900, Kabaka mwenyewe akiwa na umri wa miaka mitatu. Kwa mkataba huo Buganda ilikubali himaya, na kodi ya rupia tatu kwa kila nyumba na rupia tatu kwa kila bunduki. Kwa upande wake ilibaki na Kabaka wake, na Lukiko lake la wajumbe 89, na wakuu wa masaza 20, na mawaziri watatu: Katikiro, mwamuzi mkuu na mtunza hazina.

Lakini kiini cha mkataba kilikuwa ardhi. Nchi ilikadiriwa kuwa maili 19,600 za mraba. Kabaka alipewa 350. Kila mmoja wa wale watunzaji watatu alipewa 16 kuwa mali yake mwenyewe, na nyingine 16 za cheo chake. Wakuu na wenye mashamba 1,000 walitengewa maili 8,000 ili wagawane. Kiasi cha 9,000 za pori kilichukuliwa na Serikali. Kwa sababu vipimo vyote vilikuwa kwa maili, watu wakaiita ardhi hiyo mailo, na jina hilo liko mpaka leo katika sheria za Uganda.

Naomba tusimame hapa kidogo. Kumbukeni kijana wa Lubiri ambaye shamba lake lilikuwa lake mpaka mfalme atakapokasirika. Sasa mtu huyo amepata kitu ambacho hapana Mganda wa cheo aliyepata kuwa nacho kabla yake: shamba lililoandikwa, ambalo mwenyewe aweza kuliuza au kumrithisha mwanawe, wala Kabaka hawezi kulichukua kwa hasira. Waswahili husema, mali bila daftari huisha bila habari. Kagwa alikuwa amepata daftari. Nadhani hiyo ndiyo shabaha aliyoitafuta tangu siku ile ya fimbo.

Ila daftari huandikwa na mtu, na aandikaye huanza na jina lake. Kazi ya kugawa mailo ilifanywa na Lukiko lenyewe, na mkuu wa Lukiko alikuwa Kagwa. Majina yakaongezeka mpaka yakapita 3,000. Wakuu walichagua penye udongo mzuri na watu wengi. Mara nyingi penye udongo mzuri na watu wengi ndipo palipokuwa makaburi ya koo, ile butaka niliyoitaja mwanzo. Mtu aliyekuwa mtunzaji wa kaburi la mababu zake aliamka akakuta kaburi liko katika shamba la mtu mwingine. Na mkulima wa kawaida, ambaye zamani aliweza kumhama mkuu mbaya akamwendea mwema, sasa alikaa katika ardhi ya mwenyewe na kumlipa.

Nisije nikaonekana natoa mabaya tu, nitaje na mema yake. Katika 1902 Kagwa alisafiri kwenda London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, pamoja na mwandishi wake, Ham Mukasa. Walipanda gari la moshi, lililokuwa limefika ziwani mwaka uliotangulia tu, wakateremka Mombasa na kupanda meli. Mfalme aliugua, sherehe zikacheleweshwa mpaka tarehe 9 Agosti, na wageni hao wawili wakapata muda wa kuona viwanda, shule, mahospitali na meli za vita. Ham Mukasa aliandika habari za safari yote katika kitabu. Mwaka wa 1905 Kagwa alipewa cheo cha heshima na Mfalme, akaitwa Sir Apolo.

Alirudi na hamu ya kujenga. Alikuwa mlinzi wa shule na makanisa, akahimiza watu kulima pamba ilipoletwa. Ugonjwa wa malale ulipoua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na mwambao wa ziwa, Serikali ya Buganda ilisaidia kuwahamisha waliobaki katika visiwa na ukingoni. Lakini kazi yake nipendayo kuliko zote ni vitabu. Aliwakusanya wazee, akawauliza habari za wafalme, koo, desturi na hadithi, akaziandika kwa Kiganda na kuzipiga chapa. Kitabu chake cha wafalme wa Buganda kilitoka katika 1901. Alikuwa na kazi ya nchi nzima mabegani, hata hivyo alipata saa za kuandika. Sisi ambao hulalamika kwa ajili ya insha ya kurasa mbili na tuone haya.

Daudi Chwa alitimiza umri katika 1914, akashika utawala. Sasa Kagwa, aliyezoea kuongoza nchi kwa miaka kumi na saba badala ya mtoto, alikuwa na Kabaka mtu mzima mbele yake. Tena katika 1921 wazee wa koo waliinuka, wakajiita Bataka, wakadai makaburi yao. Hawakuchukua mikuki. Walileta hoja, na hoja yao ilikuwa nzito: hawakunyang'anywa na Wazungu, walinyang'anywa na wenzao. Kabaka aliwaonea huruma. Kagwa na wakuu wenzake wakashikilia karatasi ya 1900 kwa nguvu zote. Serikali ikaunda tume katika 1924, ikasikiliza, na mwishowe ikakataa kuigawanya ardhi upya. Kagwa alishinda katika karatasi, lakini aliipoteza mioyo ya watu wengi.

Hata hao Waingereza wenyewe walikuwa wamebadilika. Wazee waliopigana bega kwa bega naye katika 1892 na 1897 walikuwa wamekufa au wamestaafu. Maofisa wapya walimwona kuwa mzee mkaidi anayezuia kazi. Katika 1925 akagombana na mkuu wa jimbo, Bwana Postlethwaite, na chanzo kilikuwa kitu kidogo: vibali vya pombe mjini Mengo. Ofisa huyo alitoa amri moja kwa moja kwa wakuu wadogo bila kumpitia Katikiro. Kagwa akasema Mkataba wa 1900 hauruhusu hivyo. Pombe haikuwa shida. Shida ilikuwa kujua kama Buganda ina Serikali yake au haina. Gavana akamshika mkono ofisa wake. Kabaka hakusimama upande wa Katikiro. Katika 1926 Sir Apolo Kagwa akajiuzulu, baada ya kushika kazi hiyo karibu miaka thelathini na saba. Katika Februari 1927 alifariki mjini Nairobi, mbali na Mengo.

Mwaka ule ule wa 1927 Lukiko lilipitisha sheria ya kupunguza malipo ambayo wenye mailo waliyatoza kwa wakulima, na kumlinda mkulima asifukuzwe ovyo. Sheria hiyo ilikuja kurekebisha sehemu ya yale ambayo mgawanyo wa 1900 uliyaacha.

Basi tumhukumu vipi? Wengine watasema alikuwa shujaa, na wengine mlafi. Mimi nasema alikuwa mtu aliyeona mapema kwamba fadhili ya mkubwa ni kama jua la asubuhi, hukupasha joto lakini halikai. Kwa hiyo alitafuta kitu kinachokaa: sheria, hati, kitabu. Katika hilo alikuwa mbele ya watu wote wa wakati wake, na ndiyo maana ufalme wa Buganda ulikuwa na kitu cha kushikilia mbele ya Waingereza. Lakini alisahau kwamba yule mkulima na yule mzee wa ukoo nao walikuwa chini ya mkono wa mkubwa, na mkubwa wao sasa alikuwa yeye. Kinga aliyoitafuta kwa ajili yake hakuwatafutia wao. Tena karatasi yake haikumwokoa siku Waingereza walipogeuza uso, kwa sababu nguvu ya karatasi ile ilitegemea bado fadhili yao.

Ndugu zangu, wengi wenu mtashika vyeo: ukarani, ualimu, uhakimu, pengine uwaziri. Wahenga walisema cheo ni dhamana. Someni maisha ya Apolo Kagwa, mwige bidii yake ya kusoma, kuandika na kupima kila neno kabla ya kutia sahihi. Na siku mtakapokuwa nyinyi wenye kalamu, na orodha ya majina iko mezani, angalieni ni nani ambaye jina lake halimo.